Mbuzi Aliyefungwa Kwenye Mashine ya Kukimbilia

Jamani, hili jambo nikilikumbuka hata nikiwa peke yangu bafuni naona haya, ila kwa kuwa nusu ya Turkana inalijua tayari, afadhali mlisikie kwangu kabla hamjalisikia likiwa limetiwa chumvi.

Nilikuwa Kakuma, nikigawa magari katika shirika letu, yaani hakuna aliyekwenda Lodwar wala Lokichoggio kwa gari la kazi bila mimi kukubali. Shirika lilikuwa limetuwekea jimu ndani ya kontena (joto lake msiniulize), na kila alfajiri nikipanda mashine ya kukimbilia mtu alikuja kusimama pembeni, ananishikia chupa ya maji bila kuombwa, kisha, "Wafula, ejok? Nina kasafari kadogo ka Kalokol." Sasa mtu amekusalimu vizuri, chupa yako anayo yeye, utamfukuza vipi? Mimi nilishindwa.

Basi asubuhi moja Ekai, dereva wetu na rafiki yangu wa karibu, akaanza habari ya gari, nami nikatafuta njia ya adabu ya kumnyamazisha. Nikamwambia huku nahema, "Bro, daktari amenikataza kuongea nikikimbia. Ni mambo ya moyo."

Moyo wangu hauna kitu. Ekai akazima mashine polepole, akaniteremsha kwa kunishika kiwiko, akaondoka bila kutaja gari tena. Nikapanda upya nikakimbia kwa raha zangu.

Kufikia wakati wa chai, Sista Mercy wa uhasibu, anayetuongozea maombi ya asubuhi, alikuwa ananisalimu kwa sauti ya matanga. Jioni akaniita bosi wetu, Madam Chebet. (Nilikuwa nimeomba uhamisho wa Lodwar, anakoishi mke wangu na binti yetu mdogo, ambaye alikuwa ameanza kujificha nyuma ya mama yake kila akiniona, na uhamisho ulikuwa umekubaliwa.) Madam akasema, "Wafula, Lodwar kazi ni nyingi. Kwa moyo huo nitakuacha hapa upumzike, nitume mtu mwingine." Nikasema asante. Ndiyo, nilisema asante, nikatoka nje nikasimama kwenye jua kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Nikaamua kesho yake nimwone faraghani nimweleze ukweli. Lakini asubuhi nilipofungua mlango wa jimu nikakuta ofisi nzima imo humo, Madam akiwemo, Sista Mercy na Biblia yake, na kwenye mguu wa mashine ya kukimbilia amefungwa mbuzi wa kahawia, anatafuna taulo langu.

"Mama amemtoa," Ekai akasema. "Nilimwambia rafiki yangu anaugua moyo, akasema huyu unywe supu yake." Mama yake namjua, na ukame ulikuwa umemwachia mbuzi wachache sana.

Sista Mercy akaniwekea mkono kifuani, akaomba niponywe palepale, leo hii. Na mimi hapo, Mungu anisamehe, nikaona upenyo: kumbe ningesema nimepona tu, nikaenda Lodwar nikiwa na ushuhuda. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Kisha nikamwona Ekai, kofia mkononi, macho kayafumba, analia. Nikashindwa.

"Mimi si mgonjwa," nikasema katikati ya maombi. "Nilitaka tu kukimbia bila kuulizwa magari."

Sista Mercy akasema amina, maana lazima maombi yafungwe. Madam akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Kwa hiyo Lodwar unaweza kwenda."

"Ndiyo, Madam."

"Basi nenda," akasema, kama anavyoambiwa mtu aliyemwaga mboga.

Nikamsihi Ekai amrudishe mbuzi kwa mama. Akavaa kofia yake. "Kwetu mbuzi ya mgonjwa hairudi nyumbani. Utakula. Na kwa mama utaenda wewe mwenyewe."

Nikapewa bakuli la kwanza, wote wakinitazama, na sijawahi kunywa supu ngumu kumeza namna ile. Jumamosi nikaenda kwa mama, nikamweleza yote, Ekai akitafsiri bila kunipunguzia hata neno moja. Mama akasikiliza hadi mwisho, akauliza kama supu ilikuwa na mafuta. Nikamwambia ilikuwa nayo. Akasema basi vizuri.

Siku yangu ya kwanza kwenye jimu ya Lodwar, jamaa nisiyemjua akaja akasimama kando ya mashine. "Wewe ndio ule wa mbuzi? Pole. Sasa, nilikuwa naomba gari ya Kalemng'orok..."

Nikazima mashine, nikamtazama, nikasema, "Gari tutaongea ofisini."

"Sawa," akasema, akarudi kwenye vyuma vyake.

Yaani sawa tu. Nilibaki nimesimama juu ya ile mashine, haisogei, nikimfikiria mbuzi wa mama wa watu, aliyekufa kwa sababu ya maneno matatu niliyoona aibu kuyasema.