Dada, Una Kisu?

Sitaapa. Nilishaapa mbele ya mchungaji, mbele ya mume wangu na mbele ya wanawake wenzangu wa kwaya, na kila mmoja alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa wa malaria anayeweweseka. Nimechoka kuapa. Nitakueleza tu yalivyokuwa, nawe utaamua mwenyewe. Ila usije ukasema giza lilinidanganya, maana hapakuwa na giza. Ilikuwa saa nane mchana, mvua bado hazijaanza, jua la kwetu huku Momba linachoma mpaka vumbi linanuka. Na sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya maji.

Mwaka ule mama yangu alianguka akavunjika nyonga, akawa mtu wa kitandani. Alikuwa akikaa na mdogo wangu wa kiume, lakini mdogo wangu alikuwa ameondoka kwenda kutafuta dhahabu Saza, na kutoka huko zilikuwa zinakuja salamu tu. Mume wangu alikuwa Tunduma, anapakia na kushusha mizigo ya magari yanayovuka mpaka, anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo nilibaki mimi. Alfajiri shambani, mchana jikoni, kisha nafunga sufuria ya mama kwenye kanga, naiweka kwenye kikapu cha baiskeli, naendesha saa nzima na zaidi kwenda kijiji cha mama upande wa Msangano. Namwogesha, namgeuza, namlisha, nafua matandiko, narudi kabla jua halijazama. Kesho yake hivyo hivyo. Miezi minne.

Unaujua uchovu lakini? Sisemi ule wa kulala ukaamka mzima. Nasema ule ambao hata mtu akikusalimia unaona amekuongezea kazi.

Na kulikuwa na mbwa. Jina lake Bosi. Mume wangu alimleta kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alipewa na dereva mmoja wa Zambia. Ndiyo maana ukimwambia njoo alikuwa anakutazama tu, lakini ukimwambia "isa!" kwa Kibemba anakuja mbio. Nikimwacha nyumbani anakula kuku wa watu, na jirani yangu alishasema waziwazi kwamba siku moja atamtegea sumu. Halafu mama alimpenda. Bosi akifika alikuwa analala chini ya kitanda chake, na mama ananing'iniza mkono kumpapasa. Basi nikawa naenda naye.

Sikujua namna ya kwenda na mbwa kwenye baiskeli. Nani angenifundisha? Nilichukua kamba ya manila, ncha moja shingoni kwake, ncha nyingine nikaifunga kwenye usukani, na iliyobaki nikajizungushia kwenye kifundo cha mkono ili isiingie kwenye spoku. Fundi wa baiskeli pale kijijini aliniona akatikisa kichwa. "Mama, huyo akiona sungura mtaondoka wote." Nikamwambia sawa, nikaendelea. Mtu aliyechoka hasikii, nakuambia kweli.

Sasa siku hiyo. Kuna mahali barabara inafuatana na korongo, upande wa kushoto unaona chini mchanga mkavu na mawe, nyumba hakuna. Nikamwona mwanamume amekaa kando ya barabara, baiskeli yake kaipindua, magurudumu juu, la nyuma linazunguka. Nikadhani pancha. Kavaa shati jeupe lenye kola kubwa, zile kola za picha za zamani za harusi.

"Dada, una kisu?"

Kisu nilikuwa nacho, kile kidogo cha kumkatia mama papai. Nikamjibu sina.

Nilimdanganya kwa nini? Nimejiuliza sana. Mwanamke peke yako njiani, mwanamume usiyemjua anataka kisu, wewe ungempa? Lakini nikisema ilikuwa hofu tu, sitakuwa mkweli. Ilikuwa ni ule usumbufu wa kusimama, kushuka, kufungua kikapu, kuanza tena kupanda. Sikutaka. Naye hakubisha. Alisema "haya," kama mtu aliyezoea jibu hilo.

Nikaendesha. Nikapita kona, nikapita kichuguu, nikawa nawaza kama nimeacha moto jikoni. Mbele yangu, kando ya barabara, mwanamume amekaa, baiskeli kaipindua, gurudumu linazunguka.

Yule yule.

Njia ya mkato pale hakuna. Upande mmoja korongo, upande mwingine mashamba ya ufuta yaliyokwisha kuvunwa, ungeona hata kuku akikatiza. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba lile gurudumu halikuwa na sauti. Unajua gurudumu la baiskeli linavyolia likizunguka bure? Hili lilikuwa kimya.

"Dada, una kisu?"

 Nikakanyaga pedeli. Bosi, anayebwekea hata jani likianguka, hakubweka. Alilala chini kwa tumbo, kamba ikakaza, nusura inidondoshe. "Isa, Bosi! Isa!" Sauti yangu niliisikia kama ya mtoto. Akanyanyuka, tukaenda.

Mara ya tatu sikushangaa. Sijui kama utanielewa, lakini nilikuwa nimeshajua kwamba nitamkuta. Safari hii niliuona mkono wake wa kulia. Ulikuwa umezungushiwa kamba, mizunguko mingi, nyama imevimba pande zote mbili. Kamba ilitoka pale ikapita juu ya majani makavu, ikashuka korongoni, imekaza, inatetemeka, kana kwamba chini kuna kitu kizito kinaivuta. Akafungua mdomo.

Kabla hajasema, Bosi aliruka. Hakukuwa na sungura wala ndege. Aliruka kuelekea korongoni kama aliyeitwa jina. Usukani ukageuka wenyewe, nikaona mbingu, nikaona mawe, sufuria ikaniangukia, baiskeli ikaniangukia juu ya sufuria.

Pale korongo lina kimo cha nyumba tu, ndiyo sababu nipo hapa naongea. Lakini kamba ilikuwa imenibana kifundoni, na Bosi upande wa pili anavuta, anakoroma, anajinyonga mwenyewe. Kadiri anavyovuta ndivyo mkono wangu unavyobanwa. Kile kisu kilikuwa kimetoka kikapuni, kimelala mchangani karibu na mkono wangu wa kushoto. Nikakipapasa, nikakata. Nilikata na ngozi yangu, sikujali.

Nilipoinua kichwa alikuwa amekaa mbele yangu, hatua mbili, mgongo kauegemeza kwenye ukingo wa korongo. Hakunitazama mimi. Alikitazama kisu, kama mwenye kiu anavyotazama kikombe cha mwenzake.

Ningeweza kumpa. Nilikuwa nacho mkononi, hapo hapo. Badala yake nilishika baiskeli kwa mkono mmoja na kisu kwa mkono mwingine, nikapanda juu kwa magoti, nikamwita Bosi, nikakimbia. Sijui nguvu ya kuipandisha ile baiskeli niliitoa wapi.

Mama aliponiona na damu hakupiga kelele. Nilimweleza yote huku namfunga kitambaa mkononi, yaani nilikuwa najifunga mimi lakini naona kama namhudumia yeye, akili haikuwepo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Alivaa shati gani?"

"Jeupe. Kola kubwa."

Akageuza uso ukutani. Nilidhani amelala, kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Alikuwa mtu wa jirani na kwetu," alisema. "Alinunua mbwa wa kuwindia, akawa anampenda kuliko mkewe. Akienda popote na baiskeli anamfunga kwenye usukani. Siku moja wakatumbukia korongoni wote. Yeye akavunjika mgongo, kamba imemsokota mkono, baiskeli iko juu yake, mbwa amenaswa upande wa pili, mzima. Mbwa akawa analia."

"Wakamwokoa?"

"Nilikuwa napita pale juu na kuni. Siku ya kwanza nikasikia mbwa, nikasema ni wa wawindaji. Siku ya pili nikamsikia mtu."

"Ulimsikia, mama?"

"Nilimsikia, mwanangu. Alikuwa anaomba kisu. Kisu nilikuwa nacho kiunoni, nilitoka kukatia kamba za kuni. Lakini mzigo ulikuwa kichwani, jua kali, mimba yako ina miezi minane. Nikasema nikishuka sitaweza kupanda. Nikasema nitawaambia wanaume nyumbani. Nikafika, nikajinyoosha kidogo tu, nikalala mpaka asubuhi." Akapumua. "Siku ya tatu wakamkuta amekufa. Na mbwa pia. Sikumwambia mtu yeyote. Hata baba yako."

 Nina miaka arobaini na mmoja. Ilikuwa ni mara ya kwanza kumwona mama yangu akiwa msichana aliyechoka.

Nilipokuwa naondoka aliushika mkono wangu mzima. "Kesho mpelekee," akasema.

Usiniulize kwa nini nilikwenda. Jioni ile nilirudi kwa njia ndefu ya juu, usiku sikulala, na kesho yake saa nane nilikuwa kwenye barabara ile ile. Safari hii Bosi sikumfunga. Alikimbia mwenyewe kushoto kwangu, nami nikaenda kwa mwendo wake, nikisimama kivulini kumpa maji. Kumbe ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Alikuwepo. Nilisimama, nikashuka, nikafungua kikapu. 

"Dada, una kisu?"

"Ninacho, kaka."

Nikamgeuzia mpini. Vidole vyake viligusa vyangu, baridi, jua likiwaka vile. Akakata ile kamba mara moja tu. Nilisikia kitu kizito kikianguka chini korongoni, halafu mbwa akabweka, si Bosi, Bosi alikuwa amejibana kwenye miguu yangu. Kubweka kule kukaenda mbali, kwa furaha, kama mbwa aliyefunguliwa asubuhi, mpaka kukapotea upande wa mashamba.

Mwanamume akawa anasugua kifundo cha mkono wake. Akauliza, "Yule aliyepita na kuni, bado yupo?"

"Yupo."

"Amechoka?"

"Amechoka sana."

"Mwambie apumzike."

Niliinama kumshika Bosi, nilipoinuka hakuna mtu. Hakuna baiskeli, hakuna kisu.

Nikamfikishia mama ujumbe kama nilivyopewa, neno kwa neno. Nilidhani nampelekea msamaha. Alitabasamu, nakuambia kweli, alitabasamu hata kwa macho, akaomba uji, akaumaliza wote. Kisha akaniambia nirudi nyumbani mapema nisichelewe njiani. Mama wa jirani, aliyekuwa akilala naye usiku tangu mdogo wangu aondoke, alisema hakuguna hata mara moja. Asubuhi alipomgusa alikuwa amekwisha kuwa baridi.

Mdogo wangu alirudi kutoka Saza kuzika. Aliniuliza maneno ya mwisho ya mama yalikuwa yapi, nikamwambia alisema nisichelewe. Mengine sikumwambia. Ningemwambia nini, kwamba nilibeba neno kutoka korongoni nikamletea mama yetu? Je, lilikuwa la huruma, au lilikuwa la kumchukua? Mchungaji anasema Mungu ndiye anayejua. Mume wangu anasema mama alikuwa mgonjwa, basi, wagonjwa hufa. Inawezekana wote wawili wanasema kweli. Mimi ndiye niliyelitamka.

Bosi hajabweka tena tangu siku ile. Anakula, anacheza, anafukuza kuku kama kawaida, lakini sauti hana. Mkononi kwangu kuna alama, ukiiona utadhani ni bangili. Na sina mgonjwa tena wa kumhudumia, mchana wangu ni mtupu, lakini bado nimechoka vile vile. Watu wakiniona wananiambia, dada, pumzika. Neno hilo nikilisikia nasimama, nashika jembe, nashika ufagio, chochote.

Basi sikia, wewe unayependa kutoka na mbwa wako kwa baiskeli. Usimfunge kwenye usukani, usimfunge kwenye kiti, usijizungushie kamba mkononi. Mfundishe kukimbia kushoto kwako, mbali na magari, umpe maji, na kama mwendo umemshinda shuka utembee naye. Na ukiwa unapita mahali ukasikia mbwa analia bondeni, usijiambie ni wa wawindaji. Najua umechoka. Najua una mzigo, najua jua ni kali, najua utasema utawaambia wa nyumbani. Tua mzigo, ushuke.