Ini la Mzee Kifuawazi

Kwa miaka thelathini na mmoja, wa kwanza kusalimiwa na Mama Maabara kila asubuhi hakuwa mtu. Alikuwa sanamu ya plastiki ya kufundishia bayolojia: kichwa, kifua na tumbo, hana mikono, hana miguu, na mbele amefunguliwa kama kabati ili wanafunzi waone kilichomo ndani. Wanafunzi wa zamani walimwita Mzee Kifuawazi, na jina likarithiwa darasa kwa darasa. "Shikamoo, Mzee," Mama Maabara alikuwa akisema huku anafungua madirisha, kisha anampangusa kipara kwa kitambaa. Mzee hakuwahi kuitikia. Lakini pia hakuwahi kumjibu vibaya, jambo ambalo Mama Maabara hakuweza kulisema kuhusu kila mwanamume aliyewahi kumpangusa vumbi.

Jina la Mama Maabara naye alipewa na wanafunzi hao hao. Kazi yake ilikuwa kutunza maabara ya shule: kuosha mirija ya kioo, kuhesabu darubini, kufungia asidi kabatini na kuwafukuza watundu waliokuja kumtia Mzee vidole puani. Wiki hiyo shule ilikuwa imefungwa, na mwalimu mkuu mpya, kijana mwenye haraka lakini asiye na roho mbaya, alimpa agizo. Mitihani ilikuwa imebadilika. Sasa mwanafunzi anaonyeshwa kiungo chenye namba, jina analiandika mwenyewe. Kwa hiyo majina yote yaliyobandikwa ndani ya Mzee yatoke, zikae namba.

"Na zile takataka za kisogoni pia, mama," aliongeza. Alimaanisha stika za machungwa, za betri na za wachezaji mpira, kumbukumbu za wanafunzi waliomaliza wakaondoka.

Agizo dogo, lakini lilimkata Mama Maabara maini, na sababu yenyewe, bila utani, ilikuwa ini. Juu ya ini la Mzee palikuwa na kikaratasi cha zamani kuliko vyote, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu: INI. Herufi kubwa, zinatetemeka, ile N imeinama kama mlevi aliyeegemea ukuta. Hilo ndilo neno la kwanza aliloandika maishani mwake, akiwa na miaka ishirini na sita. Na Jumamosi iliyopita, mwalimu wa bayolojia aliyemfundisha kuliandika alikuwa amemwomba kikaratasi hicho. Mwalimu alistaafu zamani, macho yake yalikuwa yamezima kabisa, na Jumapili ya wiki hiyo binti yake angekuja kumchukua akaishi naye mbali.

"Nibandulie kile kikaratasi chetu," alisema. "Sitakiona, lakini nitajua kimo mkobani."

Mama Maabara aliahidi pale pale, kabla hata ya kufikiri, kama kawaida yake.

Alianza hapo shuleni kama mfagiaji, yuko kwenye miezi ya majaribio. Fomu ya kazi alijaziwa na binamu yake. Hakuna aliyejua kwamba hajui kusoma, maana alikuwa bingwa wa kuficha: "Nisomee, mikono ina maji," au "Leo nimesahau miwani," na miwani yenyewe hakuwahi kuwa nayo. Siku moja Mwalimu akamwomba amtoe Mzee vibandiko vya kiwandani, vilikuwa vimechakaa. Mfagiaji akaenda stoo, akakuta kopo lililoachwa na fundi wa mabango. Aliwahi kumwona fundi huyo akiitumia dawa yake kutoa gundi vidoleni. Akachovya kitambaa, akaanza na ini.

Kwanza gundi ilitoka vizuri ajabu. Halafu ini likaanza kung'aa. Halafu likanata. Akalikaza lisimponyoke, na kidole gumba chake kikazama kama kwenye unga uliokandwa. Alipokitoa, shimo lilibaki na mistari yote ya ngozi yake, likakauka vile vile. Ndani ya kopo mlikuwa na tina, dawa ya kuyeyushia rangi, na ubavuni paliandikwa kwa herufi nyekundu ambazo mtu angezisoma kutoka mlangoni: USITUMIE KWENYE PLASTIKI.

"Umelisoma kopo kwanza?" aliuliza Mwalimu, ini mkononi.

Mfagiaji akaanza kukunja kitambaa.

"Nakuuliza, dada. Umelisoma?"

"Sijui kusoma, Mwalimu."

Hakuwahi kulisema jambo hilo mbele ya mtu. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka mezani. Alijua kibarua kimeota nyasi. Mwalimu akaenda akafunga mlango, akarudi, akavuta kiti.

"Vaa aproni yako," alisema. "Tutaanza na ini. Lina herufi mbili tu, moja inajirudia. Kongosho tutaliacha mpaka tupate nguvu."

Wakawa wanasoma nusu saa kila siku baada ya kengele ya mwisho, ubao wao ukiwa tumbo la Mzee Kifuawazi. Moyo. Pafu. Figo. Wiki ya tatu mfagiaji akaandika INI bila kuongozwa mkono, na Mwalimu akalibandika juu ya lile shimo, asije mkaguzi akauliza maswali. Tangu hapo swali lile likawa lao. Ikiletwa sabuni mpya: "Umelisoma kopo kwanza?" Ikiletwa mashine ya gesi: "Umelisoma kopo kwanza?" Alipompelekea habari kwamba anaolewa, Mwalimu alimwangalia juu ya miwani, akamuuliza hivyo hivyo. Kusema kweli kopo hilo hakulisoma vizuri, lakini hayo tuyaache huko huko yalikotokea.

Basi Alhamisi asubuhi alimlaza Mzee chali juu ya taulo, akamtoa viungo kimoja kimoja, akavipanga. Sasa alikuwa mtu mwingine. Akasoma chupa ya sabuni ya vyombo mbele na nyuma, ingawa aliijua kwa moyo. Akajaribu kwanza chini ya kiuno cha Mzee, mahali pasipotazamwa na mtu mwenye adabu, akangoja aone kama plastiki itafifia. Haikufifia. Akaweka vitambaa vya maji ya uvuguvugu na sabuni juu ya majina, akaviacha vilainike, kisha akabandua kwa kucha na kadi ya zamani ya plastiki, polepole, karatasi ikilala chini badala ya kuvutwa juu. Kisu hakukigusa. Gundi iliyobaki aliipaka mafuta kidogo ya kupikia kwa pamba, akaiacha inywe, akaisugua kwa duara mpaka ikajikunja vidonge vidonge, akaosha. Tina, petroli, dawa ya kutolea rangi ya kucha, vyote hivyo havikukanyaga mlango wa maabara yake kwa miaka thelathini. Hata spiriti aliikataa, kwa sababu mishipa ya Mzee ilikuwa imechorwa kwa rangi, na rangi ingeondoka na gundi.

Stika za kisogoni zilimchukua muda mrefu, maana kila moja alimjua aliyeibandika. Ya chungwa ilikuwa ya yule binti mrefu ambaye sasa ni mkunga. Ya mchezaji ilikuwa ya yule mtoro aliyepigwa marufuku kuingia maabara akawa anaingia dirishani. Alijikuta anacheka peke yake, kisha hacheki. Wote wamekwenda zao, na yeye amebaki na Mzee.

Ini aliliacha mwisho.

Hapa maji hayakufaa, wino ungevuja. Mafuta hayakufaa, karatasi ingeyanywa ikawa kama ya kufungia maandazi. Kilichobaki ni joto tu. Alikuwa ameazima mashine ya kukaushia nywele kwa jirani yake msusi. Akaiweka kwenye joto la chini, mbali kiasi cha shubiri, haitulii mahali pamoja, na mkono wake wa kushoto ameuweka pale pale upepo ulipopiga: mkono ukishindwa, plastiki nayo imeshindwa. Ukingo ukainuka. Akaingiza kadi. I ya kwanza ikaachia. "Taratibu, Mzee," alisema, kana kwamba ni Mzee mwenye haraka. Ikafika N.

Pale kikaratasi kikakatika. Alisimama, akapoza, akaanza upande wa pili, nacho kikakatika tena. Karatasi ilikuwa imezeeka mpaka haikuwa karatasi. Ilikuwa ikibomoka kwenye kadi kama ganda la kitunguu kikavu. Alifanya kila kitu inavyotakiwa, na bado kwenye taulo palikuwa na unga wa bluu na njano. Mama Maabara alizima mashine, akakaa kwenye stuli, akalia. Ahadi moja tu ambayo Mwalimu aliwahi kumdai, na hiyo nayo imemshinda.

Alipopangusa macho aliliona shimo. Miaka yote hiyo alikuwa hajaliona. Mistari ya kidole chake ilikuwa kamili, ya kidole cha msichana.

Kesho yake mwalimu mkuu alikuja kukagua kazi, akasifu, kisha akaokota ini. "Hili nani kaliharibu?"

"Mimi."

"Lini?"

"Wewe hujazaliwa, baba." Na kabla ujasiri haujamtoka, akapiga moyo konde: "Naomba kuliazima. Nitalirudisha Jumatatu."

Kijana alimwangalia, akaona macho mekundu, akasukuma daftari la vifaa upande wake. Mama Maabara akaandika kwa hati iliyosimama wima yote: Kifaa, ini. Idadi, moja. Sababu ya kuazima. Hapo akafikiri kidogo. Akaandika: Kumpelekea mwenyewe.

Jumamosi alimsomea Mwalimu gazeti kama kila wiki. Alisoma habari, akasoma barua za wasomaji, akasoma mpaka matangazo ya saruji. Masanduku ya safari yalikuwa yamefungwa kando ya mlango.

"Leo unasoma hata saruji," alisema Mwalimu. "Umeficha nini?"

"Kimesagika, Mwalimu. Kile kikaratasi. Nilikwenda nacho polepole, kikasagika mikononi mwangu. Nisamehe." Akafungua mkoba, akamwekea kitu mapajani. "Nimekuletea hili, lakini la kushika tu. Jumatatu linatakiwa shuleni."

Vidole vya Mwalimu vilitembea juu ya plastiki, vikapita ukingo, vikapita mishipa iliyochorwa, vikafika shimoni. Vikasimama. Akageuza mkono, akalaza kidole gumba chake mwenyewe mle ndani, kikaenea.

"Umelisoma kopo kwanza?" aliuliza.

"Nimelisoma, Mwalimu."

"Lote?"

"Lote. Mbele na nyuma."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na kidole hakukitoa mpaka chai ilipopoa.

Jumatatu ini lilirudi ndani ya Mzee Kifuawazi kabla ya kengele. Namba yake ilikuwa nne. Mama Maabara aliibandika pembeni, shimo akaliacha wazi.