Kiti cha Bata

Mtaani walimwita mume wangu Fundi Vituko, naye akaitika. Kinyozi wa njia panda alimwagiza kiti cha watoto wanaolia wakinyolewa. Akamchongea punda mwenye masikio ya kushikilia, na kilio kikaisha. Mshonaji jirani yetu alipata kigoda cha kobe: ukifunua gamba, unakuta nyuzi na mikasi. Watu walicheka kwanza, kisha wakakaa, kisha wakauliza bei. Mimi mwenyewe nilimcheka mpaka nikaolewa naye.

Kiti alichokipenda kuliko vyote alimtengenezea mama yake. Magoti ya mama mkwe yalikuwa yamechoka, lakini hakutaka kuinuliwa na mtu. "Siku nitakayonyanyuliwa kama gunia, mnizike," alikuwa akisema, wala hakuwa anatania. Basi mume wangu akampima miguu kwa kamba, akachonga bata. Shingo ilipinda kwa mbele, ukiishika unajivuta. Bawa moja ukiligeuza linakuwa meza ya kikombe. Chini ya kikalio aliweka springi: ukiinama mbele kidogo, bata anakusukuma taratibu hadi unasimama. Mama alisimama mara nne mfululizo bila msaada, akicheka mpaka machozi.

"Bata wangu ana adabu kuliko nyinyi," akatuambia.

Wiki ya pili akaja shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, mtu wa ofisini na wa maneno ya mwisho. Alisimama mlangoni akakitazama kile kiti kama aliyeona panya kwenye sahani.

"Mdogo wangu, mama yetu ni mtoto wa chekechea? Wageni wangu wakija wamkute amepanda bata?"

"Kaka, anasimama mwenyewe. Mwambie akuonyeshe."

"Nitamletea kiti cha heshima."

Akaleta kochi. Kubwa, laini, nailoni yake haijatolewa, tena la chini kiasi kwamba ukikaa magoti yanafika kidevuni. Bata akatupwa stoo. Mama alimtii mwanawe mkubwa, eti kijana amejinyima kwa ajili yake. Mume wangu akarudi kwenye randa yake. Nilipomwambia akirudishe kiti, alisema, "Mke wangu, yule ni kaka." Siku hiyo nilimchukia na yeye kidogo.

Mama alianguka asubuhi moja, peke yake sebuleni, akijaribu kutoka kwenye kochi lile bila kuita mtu. Nyonga ikavunjika. Daktari akatuambia hatasimama tena. Tangu hapo ni mimi na mume wangu tunaomnyanyua, kumwosha na kumgeuza, na yeye hufumba macho hadi tumalize.

Jumapili iliyopita shemeji alikuja, akaketi kando ya kitanda. Mama akamshika mume wangu mkono.

"Mwanangu, niambie ukweli. Ningebaki kwenye kile kiti chako, leo ningekuwa nasimama?"

Mume wangu alimtazama mama, kisha akamtazama kaka yake, aliyekuwa ameinamisha kichwa.

"Hapana, mama," akasema. "Springi ile ilikuwa mbovu. Hata kile kingekuangusha."

Mama akashusha pumzi. Shemeji akainua kichwa.

"Si nilisema mimi?"