Simu Iliyomwamkia Bibi Anande

Bibi Anande analima kahawa na ndizi huko juu mlimani. Kwenye kwaya ya usharika anaimba sauti ya pili, huku akiwarekebisha wa sauti ya nne. Kwa hiyo alipoteremka mjini, Sombetini, kumwona mjukuu wake Joel, wa miezi mitano, akamkuta anaharisha siku ya pili, hakuuliza mtu. Alimpapasa ufizi kwa kidole, akaona vivimbe vyeupe, akatoa hukumu: meno ya plastiki, yale yanayosemwa humharisha mtoto mpaka yang'olewe. Akampigia mganga Abdiel aje kuyachokoa kwa spoku yake ya baiskeli, inayosafishwa kwa maji kidogo na imani nyingi.

Brenda, mama wa mtoto, hakutaka. Lakini mkamwana hambishii mama mkwe, hasa mama mkwe aliyekuja na mkungu mzima wa ndizi. Abdiel alipokuwa anamalizia chai ya pili, Brenda akaiuliza simu, ile programu ya akili bandia, akaiwekea sauti ijibu yenyewe.

"Meno ya plastiki hayapo," simu ikaanza.

"Nani huyo anaongea na mimi bila kuniamkia?"

Brenda akaandika haraka.

"Shikamoo, bibi," ikasema simu.

"Marahaba. Una watoto wangapi?"

Brenda akaandika na hilo.

"Sina mtoto, bibi. Mimi ni programu tu."

"Basi anyamaze. Mimi nimezaa sita."

Abdiel akacheka kwa meno yake matatu. Brenda akaandika tena.

"Hivyo vivimbe ni meno ya kawaida ambayo hayajaota," simu ikasema. "Yakichokolewa, mtoto anaweza kutoka damu nyingi. Hatari ni huko kuharisha, kwa sababu kunamkausha maji. Ila mimi simwoni, naweza kukosea. Aendelee kunyonya, na leo hii apelekwe kituo cha afya."

Bibi akamgeukia mwenye spoku.

"Abdiel," akasema, "wewe umewahi kukosea?"

"Hata mara moja, mama. Mwaka wa ishirini huu."

"Na yule mtoto wa Eliud tuliyemzika?"

"Yule alichelewa kuletwa."

"Haka kasimu hakana hata mtoto, kanakubali kanaweza kukosea. Maliza chai yako uende."

Akamfunga Joel mgongoni, akatangulia yeye.

Kituoni daktari alimwangalia ufizi, akasema meno yanakuja vizuri, akatoa zinki na maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari. Bibi akamnywesha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, akimfokea kila anapotema. Baada ya saa mbili kitenge chake kikalowa mapajani.

"Amekojoa?" nesi akauliza. "Hicho ndicho tulichokuwa tunakisubiri, maji yamerudi mwilini."

Brenda akakaa chini sakafuni, akalia na kucheka. Bibi akakataa kubadilisha kitenge. Alizunguka nacho benchi zote, akiwaonyesha wagonjwa wasiomjua.

"Mama Joel," akaita, "hebu mwandikie yule asiye na watoto. Mwambie mtoto amekojoa."