Hamsini ya Maji, Hamsini ya Hewa

Rosaire Gaudreault hakuwahi kumwamkia mtu kabla ya kusoma kipimajoto cha bwawa. Kila asubuhi, barafu ikishayeyuka, alitoka uani na koti juu ya nguo za kulalia, akavuta uzi uliofungwa kibata cha plastiki chenye kipimajoto tumboni, akatangaza namba kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi. "Sitini na moja," alikuwa akisema, na mkewe Huguette, jikoni, akajua kwamba leo pia ataoga bafuni kama watu wengine.

Huku Saguenay theluji huondoka Mei na kurudi Oktoba, kwa hiyo ni haki kabisa kila nyumba iwe na lita elfu arobaini za maji baridi za kutazama dirishani. Rosaire na Huguette waliyatazama yao kwa miaka mingi, na waliyatazama vizuri.

Kisha Huguette akabadilishwa nyonga. Mtaalamu wa viungo alimwambia atembee ndani ya maji ya uvuguvugu kila siku, kuanzia Mei. "Ukingoja Julai, mama, nyonga itakaza." Nyonga ikikaza, zile ngazi kumi na nne za kwao zingemshinda, na nyumba ingeuzwa. Mwana wao Sylvain alikwisha kutafuta namba ya dalali, kwa upendo mtupu.

Rosaire akaahidi hita. Lakini Rosaire hakuwa mtu wa kununua. Alikuwa mtu wa kuchagua. Alichagua tangu Desemba mpaka Aprili. Hita ya gesi ilikuwa mlafi. Ya jua, alisema, iuzwe kwa watu wenye jua. Vijitabu vilijaa chooni hadi wageni wakawa wanachelewa kutoka.

"Jirani, bado tu?" aliuliza Normand wa nyumba ya pili. "Mimi mke nilimchagua kwa wiki mbili."

"Inaonekana," alisema Rosaire.

Hatimaye akachagua pampu ya joto, sanduku linalofyonza joto la hewa na kulitia majini. Lilikuwa kimya, na umeme huku ni rahisi. Kijitabu kilionya kwamba halifanyi kazi chini ya hamsini.

Sasa, watu wa huku wana vichwa viwili katika shingo moja. Hewa huipima kwa Selsiasi, kama serikali ilivyowafundisha. Maji ya bwawa huyapima kwa Farenhaiti, kama baba zao. Hakuna anayeona ajabu. Rosaire akapiga hesabu: hewa ya hamsini haijaonekana Saguenay tangu dunia iumbwe, basi hiyo hamsini ni ya maji. Na maji yao, mwezi wa Mei, hayapungui hamsini. Hakumuuliza muuzaji. Mtu aliyesoma miezi mitano hamuulizi mtu wa dukani.

Wiki ya kwanza ya Mei kibata kikasema hamsini na mbili. Rosaire akabonyeza kitufe. Sanduku likakohoa mara moja, likanyamaza. Akapiga simu dukani, Huguette akisikiliza, mikono juu ya fremu yake ya kutembelea.

"Hewa ni ngapi huko, bwana?"

"Nne."

"Basi. Hamsini ni Farenhaiti, ya hewa. Kwenu ni kumi. Ngojeni Juni."

Rosaire akaweka simu chini taratibu.

"Hawakuandika ya hewa," alisema.

"Miezi mitano, mzee. Nilidhani unaoa."

Alitoka bila kula, na Huguette akadhani amenuna. Alitazama ngazi, akazihesabu tena, kana kwamba zingeweza kupungua. Ndipo akasikia shoka.

Nyuma ya bwawa, hatua thelathini, kilikuwepo kibanda alichorithi Rosaire kwa baba yake: tanuri la kuni, na juu yake karai refu kama kitanda, la kuchemshia utomvu wa miti mpaka uwe shira. Kazi yake huisha Aprili. Rosaire akalijaza maji, akalaza ndani yake bomba la shaba lililopindwapindwa, akaliunganisha na pampu ndogo inayozungusha maji ya bwawa. Hakuna kijitabu kilichokuwa kimelitaja.

Moshi ulifuka siku tano. Normand alikuja na kiti na bia.

"Unapika shira au supu, jirani?"

"Supu ya mke wangu. Leta kuni."

Asubuhi ya sita Huguette akasikia kutoka uani: "Themanini na mbili."

"Ya maji au ya hewa?"

"Ingia, mama, usinichoshe."

Akaingia. Mwezi wa Agosti alipanda ngazi zote kumi na nne bila fremu, na Sylvain akasema hata hakumbuki dalali gani. Swali la maji au hewa halikukosa asubuhi hata moja ya kuogelea tangu hapo, kwa miaka tisa. Pampu ya joto nayo ilibaki, ikifanya kazi Julai, wakati hakuna anayeihitaji.

Mwaka wa tisa, Februari, mapafu yalimlaza Rosaire hospitalini. Kwa siku mbili hakusema neno. Alasiri moja nesi alimpima homa, akasoma kwa sauti, "Thelathini na tisa." Rosaire akafumbua macho, akapapasa mpaka akaupata mkono wa mkewe.

"Usiingie bado, Huguette. Ngoja nichochee moto."