Ansima Alibakiza Mustari Mumoja

Musiniambie eti kilio kilinivuruga akili. Hayo nimeyasikia kwa mashemeji, kwa mupadri, hata kwa baba ya mutoto. Nilikuwa macho, nimesimama kwa miguu yangu, na niliona.

Mutoto wangu wa kwanza, Ansima, alikuwa anajifunza piano kwa Madame Odile, hapa mutaani kwetu, Nyalukemba. Madame anafundisha nyumbani kwake, watoto na watu wazima, kwenye piano ya umeme. Ansima alikuwa anaenda mwenyewe kila Jumatano, maana si mbali. Kisha homa ikamuchukua. Tulimuzika Nyangezi, mbali na hapa, kwa ukoo wa baba yake, na matanga yote tukafanyia huko. Nilimuuliza bwana yangu, "Madame ulimuambia?" Akajibu, "Ndiyo." Uongo mutupu. Neno lenyewe lilimushinda kinywani, akaona afazali anidanganye.

Siku moja kisha matanga, niko soko ya Nyawera, nachagua sambaza, vile visamaki vya ziwa, nasikia mutu nyuma yangu:

"Maman Ansima! Weye mama gani, hata kuuliza mutoto anaendelea namna gani?"

Ni Madame. Anacheka.

"Mukono wa kushoto haumusumbui tena. Anabakiza mustari wa mwisho tu. Eti ni wimbo wa anniversaire yako, siku uliyozaliwa, nisikuambie. Lakini umuvalishe triko ya baridi, maman. Vidole vyake viko baridi sana."

Mungu ananiona, nilitaka kumumwangia zile sambaza usoni. Nikamuambia, "Ukome kunichezea!" nikaondoka. Lakini Jumatano ilipofika, ungekuwa wewe, ungebaki nyumbani?

Nilifika mvua inanyesha, jioni inaanza kuingia. Mulango ulikuwa wazi kidogo. Ansima amekaa mbele ya piano, na ile nguo ya manjano tuliyomuzika nayo. Miguu haifiki chini. Madame ameweka mukono juu ya mukono wake, anamuhesabia: "Un, deux, trois... polepole, mupenzi." Mvua yote ile, na mutoto wangu hakuwa na tone hata moja.

Courant ikakatika, taa zikazimika. Hilo tumezoea, si habari. Lakini piano ya umeme bila courant ni ubao tu, si ndiyo? Basi niamini: iliendelea kulia.

Madame akainua kichwa, akaniona mulangoni na machozi. "Maman, kuko nini?"

Nikamujibu kwa sauti ndogo, mutoto asisikie: "Tulimuzika."

Mwanamuke yule akapiga kelele. Akaruka, akaangusha kiti, akavua rozari shingoni akamurushia mutoto wangu: "Toka! Kwa jina la Yesu, toka!" Mutoto wa miaka nane! Ansima akanigeukia. Hakuwa na macho mekundu wala meno ya kutisha, kama watu wanavyopenda kusimulia. Alikuwa na ule uso wa mutoto anayegombezwa na hajui kosa lake.

"Maman, nilikuwa nabakiza kidogo tu."

Nikanyoosha mikono. Nikashika giza.

Hajarudi. Kila Jumatano naenda kusimama pale mbele ya nyumba, mvua au jua. Madame aliuza piano, akaleta watu wa maombi, na sasa tukikutana anavuka barabara. Avuke! Bwana yangu naye ananiomba nimusamehe. Chakula namupikia, musamaha sina. Ule wimbo sijui unaishaje. Ninapofua nguo naimba kile kipande nilichokisikia, kikifika mahali kilipokatika, nanyamaza.

Wewe uliyezika mutu, enda kwa kila aliyekuwa anamungojea, umuambie kwa mudomo wako. Usitume mutu. Na wewe unayefundisha watoto wa watu: mwanafunzi akikujia na vidole baridi, umuache amalize wimbo wake. Kuogopa, utaogopa baadaye.