Kidonge Nilichompa Shinshila kwa Wivu

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka masikio yangu bado yanawaka. Madame alinipita mlangoni, sinia yake ya kahawa mkononi mwangu, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wangu Ilunga, akamshika bega, akamwita "docteur". Docteur! Kijana niliyemtoa kwetu Kakanda mwenyewe, nikamwombea kazi, nikamfundisha hata kukunja shuka. Mimi, mpishi wa nyumba ile kwa miaka minne, niliachwa nimesimama mpaka kahawa ikapoa.

Nakuambia haya kwa sababu umeanza kujifunza udaktari wa mifugo, na jana nilikusikia ukimsema mwenzako anayesifiwa na mwalimu wenu. Kaa, unisikilize.

Ilikuwa hapa hapa Likasi, wazungu wakiuita mji Jadotville, katika miaka ile jimbo letu la Katanga lilipojitenga na Kongo. Barabara zilijaa vizuizi vya askari, na wazungu wengi walikuwa wanafunga masanduku. Madame alikuwa mke wa injinia wa kiwanda cha shaba. Hakujaliwa mtoto. Mtoto wake alikuwa mnyama anayeitwa shinshila. Usicheke! Anafanana na panya mkubwa, masikio mapana, manyoya laini kuliko pamba, na kwao ni milima ya baridi huko ng'ambo. Haogi maji, anaoga vumbi. Unamwekea beseni la vumbi laini, anajigaragaza humo mpaka wewe unapiga chafya. Jina lake Pupette, na mtunzaji wake alikuwa Ilunga.

Ilunga alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo. Aliniita yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa. Mikono yake ilikuwa mitulivu, ndiyo maana Madame alimwita docteur, na Pupette alipanda begani kwake akasinzia. Mimi alinigeuzia mkia. Nilipika, nikafua, nikapiga pasi, na mezani nilisikia jina moja tu: Ilunga, Ilunga. Chakula changu walikula kimya. Wivu ulinishika, sikufichi, ukanikosesha hata hamu ya kula.

Kisha Madame akatuambia kwamba mwisho wa mwezi atabaki mfanyakazi mmoja. Hakutaja nani. Mke wa Ilunga alikuwa na mimba kubwa, na chumba chao nyuma ya ua kilikuwa cha kazi. Kazi ikiisha, chumba kinaisha. Nilijua hilo. Nilijifanya sijui.

Basi nikaanza kumbembeleza yule mnyama. Kwetu, ukitaka mtoto wa mtu akuzoee, unampa kitu cha kula kwa mkono wako, nami nikadhani kwa mnyama ni vile vile. Madame alikuwa ameagiza nyasi kavu tu. Mimi kila nilipochambua matembele ya mboga nilimpelekea majani mabichi kwa siri. Alikula, wee, alikula! Siku ya tatu akaja mwenyewe mkononi mwangu, nikajiona nimepanda cheo. Siku ya nne akaharisha.

Ilunga akaondoa kila kitu, akamwachia nyasi kavu na maji. "Yaya, tumungoje siku mbili," akaniambia. "Tumbo yake itarudia muzuri."

Nani alitaka kungoja? Madame alikuwa analia, na mimi nilikuwa na vidonge vya penisilini vilivyobaki tangu nilipotibiwa jipu la mguu. Wakati ule penisilini tuliiheshimu kama sakramenti. Kidonda, kikohozi, tumbo, penisilini! Sikutaka mnyama afe, naapa mbele ya Mungu. Nilitaka apone, ila apone mkononi mwangu, ili mimi ndiye niitwe docteur. Ilunga alipokwenda kukata nyasi za kukausha, nilisaga kidonge kizima, nikakikoroga kwenye maji ya sukari, nikamnywesha. Kidonge cha mtu mzima, kwa mnyama anayeenea kwenye viganja viwili.

Kesho yake hakula. Siku iliyofuata tumbo lilikuwa limevimba, gumu. Daktari wa wanyama, mzungu, alikuwa amekwisha kuondoka mjini, kwa hiyo Madame akamwita Tata Mwansa, tata kwetu ni baba, mzee aliyekuwa msaidizi wa daktari huyo kwenye mashamba ya ng'ombe. Mzee akampapasa Pupette tumbo polepole, kisha akatutazama sisi wawili.

"Alikula nini?"

Kabla sijafungua mdomo, Ilunga akajitaja yeye mwenyewe, "Ni minye, tata. Nilimupatia matembele."

Nilishtuka. Alikuwa ameona vijiti vya matembele alipofagia kizimba, na alijua ni nani anayechambua mboga katika nyumba ile. Lakini mdogo hamwaibishi yaya wake mbele ya wageni, ndivyo tulivyolelewa. Akalibeba kosa langu kama lake.

"Kama ni majani tu, nitamupatia dawa ya sulfa kidogo, kulingana na uzito wake," mzee akasema. "Lakini kama kuko muntu alimupatia penisilini kwa kinywa, musinifiche. Tumbo ya hii nyama iko kama mutungi wa pombe ya munkoyo. Iko na chachu yake ndani, na ile chachu njo inaivisha majani. Penisilini inaua ile chachu. Nikiongeza dawa ingine juu yake, nitamumaliza. Ikiwa vile, tutamukorogea mavi ya mwenzake muzima, chachu irudie."

Akauliza tena, safari hii macho yake yakiwa kwangu: "Hakuna dawa alikunywa?"

Ilunga hakujua habari ya kidonge, akatikisa kichwa. Mimi nilijua. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini Madame alikuwa amesimama pale, na kwa mara ya kwanza alikuwa anamtazama Ilunga kwa hasira. Mwanangu, nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi! Nikanyamaza. Mzee akapima dawa yake, kijiko kikaingia mdomoni mwa Pupette, nami natazama.

Alikufa mchana ule ule. Madame akamwambia Ilunga ahame kabla ya Jumapili.

Nilimkimbilia Tata Mwansa njiani, alipokuwa anaondoka, nikamwambia yote. Akashuka kwenye baiskeli yake. Hakunifokea.

"Kidonge ilikuwa kosa," akasema. "Kila muntu anakosea, hata minye niliua ndama wa muntu kwa kutojua. Lakini nilikuuliza mara mbili. Weye uliona kijiko, ukanyamaza. Ile haiko kosa, ile iko roho mubaya. Rudia kwa nyumba, umwambie Madame."

Mficha maradhi, kilio humfichua, wazee walisema. Mimi hakuna aliyenifichua. Nilirudi, nikafika jikoni, nikasikia Madame akilia chumbani. Nikaosha sahani.

Jioni nilimkuta Ilunga anafunga mizigo, mkewe ameketi juu ya godoro lililokunjwa. Akanitoa nje.

"Yaya, leo nilikuta unga mweupe ndani ya kikombe cha sukari," akasema taratibu. "Sitamwambia muntu. Weye ulinde kazi. Minye nitapata ingine."

Badala ya kupiga magoti, unajua nilihisi nini? Nilimwonea wivu tena. Nilimwonea wivu kwa wema wake! Nikamwambia safari njema. Akaenda na mkewe mjamzito mpaka Kakanda kwa lori, katika barabara ya vizuizi, na mimi nikabaki na kazi. Miezi mitatu baadaye Madame naye akaondoka, kazi ikaisha. Kumwomba Ilunga msamaha kulinichukua miaka kumi na moja. Kusamehe kwake hakukuchukua hata dakika.

Basi sikia nasaha yangu. Dawa haitolewi na mtu anayetafuta sifa. Iliyomponya mtu yaweza kumuua mnyama, na aliyekuwa na subira ya siku mbili alikuwa na akili kuliko mimi na vidonge vyangu. Ukikosea, sema pale pale, mbele ya yule yule ambaye hutaki ajue. Na huyo mwenzako anayesifiwa, kaa karibu naye, umuulize anafanyaje. Wivu haukumpunguzia Ilunga kitu. Ulinila mimi, naye ndiye aliyelipa.

Nenda, mwanangu. Mungu atulize mikono yako, aulainishe ulimi wako kwa kweli, na siku ndugu yako atakapoitwa daktari mbele yako, akujalie uwe wa kwanza kumpigia makofi.